Studio ya nyumbani: usiweke mayai yote kwenye diski moja

Mliojenga studio chumbani, Windows na programu ya kurekodia vikae kwenye SSD (diski ya kasi) ya ndani, kazi za wasanii kwenye diski ya pili. Siku Windows ikigoma, unaipiga upya bila kugusa nyimbo za watu.

Nakala ndipo wengi tunapozembea. Dakika moja ya sauti ya mono (chaneli moja), kwa ubora wa biti 24 na 48 kHz, hula takriban MB 8.6. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 20 (kila sauti au ala na njia yake) unakaribia MB 700, na hapo hujahesabu sauti zilizorudiwarudiwa. Flashi haifai, tena hupotea (yangu ilifuliwa na suruali). Tafuta diski mbili za nje: moja ukae nayo, nyingine ilale kwa dada yako, mzibadilishe kila wiki. Mwizi akibeba kompyuta hakuachii diski iliyo pembeni yake.

Mnaotumia REAPER, programu ya kurekodia, kabla ya kunakili hifadhi mradi upya na uchague faili zote za sauti zinakiliwe ndani ya folda yake. Usipofanya hivyo, ile sauti ya ngoma uliyoivuta kutoka folda ya vipakuliwa itabaki hukohuko. Halafu ifungue nakala kwenye kompyuta nyingine, uisikilize.