Somo: Unahama na mtoto baada ya kutengana? Haya yafanye kabla hujakata tiketi

Somo hili ni la Tanzania Bara. Zanzibar wana Sheria ya Mtoto yao ya 2011 na Mahakama za Kadhi, kwa hiyo ndugu zetu wa Unguja na Pemba msilichukue kama lilivyo. Nimelipanga kwa mzazi anayehama. Aliyeachwa nyuma ana sehemu yake huko chini.

Niseme mapema: hakuna sheria inayomkataza mama au baba aliyetengana na mwenzake kuhama Dar kwenda Mwanza kutafuta riziki. Kinachowaponza watu ni kuhama kimya kimya. Mtoto anapandishwa basi la alfajiri, simu inazimwa, na baba anapata habari siku ya tatu kutoka kwa mwalimu wa darasa. Shauri likifika kwa hakimu, habari ya kazi nzuri Mwanza haina tena nafasi. Kinachozungumzwa ni kwamba mtoto alifichwa.

Hatua ya 1: Angalia una karatasi gani mkononi

Kama kuna amri ya mahakama, isome mpaka mstari wa mwisho. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinairuhusu mahakama kuweka masharti: mtoto akae wapi, asome wapi, amtembelee nani na lini, na hata kumzuia aliyekabidhiwa mtoto asimtoe nje ya Tanzania. Amri ikisema baba atamchukua kila Jumamosi, ukihamia Mwanza Jumamosi hiyo haitekelezeki tena. Huna mamlaka ya kuifuta mwenyewe. Rudi mahakama ileile uombe ibadilishwe. Kifungu cha 133 kinaruhusu hilo pale hali inapokuwa imebadilika kwa kiasi kikubwa.

Kama mna makubaliano tu, ya Ustawi wa Jamii, ya kanisani, ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au ya kikao cha ukoo, yatunze. Ni ushahidi mzuri wa mlivyokuwa mnaishi, ingawa mahakama inaweza kuyabadilisha ikiona hayamfai mtoto.

Kama hamna chochote, na wengi ndiko mliko, msidanganyane. Kulala na mtoto nyumbani kwako hakukufanyi uwe mzazi peke yako. Bado mko wawili.

Hatua ya 2: Andika

"Nilimwambia kwa mdomo" ni maneno mepesi sana mbele ya hakimu. Andika barua ya ukurasa mmoja. Usitaje "Mwanza" tu; taja kata na mtaa. Taja shule, nani atakaa na mtoto ukiwa kazini, na hasa mwenzako atamwonaje. Kipande hiki ndicho watu huruka, na ndicho chenye uzito kuliko vyote. Mfano:

"Nimehamishwa kikazi, na nakusudia kuhamia Nyegezi, Mwanza, shule zikifungwa Desemba. Mtoto wetu ataanza darasa la nne huko Januari. Napendekeza akae kwako likizo yote ya Juni na nusu ya likizo ya Desemba. Nauli ya kuja kwako nitalipa mimi, ya kurudi utalipa wewe. Mtaongea kwa simu ya video kila Jumatano na Jumapili saa 1 jioni. Naomba unijibu kwa maandishi ndani ya siku 14."

Hizo siku 14 hazimo kwenye sheria. Ni muda wa kumpa mtu nafasi ya kupumua na kufikiri. Mtumie WhatsApp, lakini na karatasi imfikie mkononi, awepo shahidi. Akikubali, msaini wote mbele ya mashahidi wawili, kisha nakala ipelekwe kwa afisa ustawi. Na matusi yaacheni: barua hiyo kuna siku itasomwa na hakimu, na hatakuwa amewaona mkigombana jana yake.

Hatua ya 3: Ustawi wa Jamii

Ofisi iko kwenye halmashauri yako. Afisa atawaita wote wawili, atasikiliza, ataandika mlichokubaliana au mlichoshindwana. Watu huiona ofisi hii kama ya kupotezea muda. Mimi naona kinyume. Shauri likienda mahakamani, mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi afanye uchunguzi na kuleta taarifa: anafika nyumbani, anaangalia mtoto analala wapi, anaongea naye, anaongea na majirani. Afadhali akujue mapema kama mtu uliyefuata utaratibu.

Hatua ya 4: Mahakama, mkishindwana

Huhitaji talaka ili kuomba amri ya malezi. Maombi chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 hupelekwa Mahakama ya Watoto, ambayo husikilizwa na Hakimu Mkazi, faragha, bila umati wa watu. Kama tayari kuna shauri la ndoa mahakamani, suala la mtoto liulizie hukohuko.

Hakimu anapima nini? Cha kwanza ni maslahi ya mtoto, ndivyo sheria hiyo inavyoanza. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaongeza matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto aliyefikia umri wa kujieleza, na mila za jamii. Kina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kuwa na mama yake. Akina mama wengi husoma mpaka hapo na kufunga kitabu. Someni na sentensi inayofuata: dhana hiyo inaweza kupingwa, na mahakama izingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumtoa kwa mlezi huyu na kumpeleka kwa yule. Maneno hayo humlinda mama aliyemlea mtoto tangu kuzaliwa. Humlinda pia baba aliyekaa naye miaka mitatu huku mama akiwa mbali.

Kwa hiyo unaposimama pale, usielezee maisha yako wewe tu. Eleza ya mtoto: shule, kama ana ugonjwa wa pumu na hospitali iko wapi, ndugu zake wako na nani, atamwonaje mzazi mwingine. Beba barua ya uhamisho wa kazi, barua ya shule mpya ya kumpokea, mkataba wa nyumba.

Hatua ya 5: Shule

Uhamisho wa mwanafunzi una fomu yake, inayopitia kwa walimu wakuu na maafisa elimu. Anza mapema, na lenga Juni au Desemba. Mtoto aliyehamishwa katikati ya mitihani ni hoja ya bure unampa mwenzako.

Hatua ya 6: Kama ni nje ya nchi

Hapa mambo yanabadilika kabisa, na ushauri wangu ni mkali: usivuke mpaka na mtoto bila ridhaa ya maandishi au ruhusa ya mahakama. Tanzania si mwanachama wa Mkataba wa Hague wa 1980, ule unaozitaka nchi wanachama kumrejesha upesi mtoto wa chini ya miaka 16 aliyechukuliwa isivyo halali. Kenya hayumo, Uganda hayumo, Oman hayumo. Maana yake mtoto akishavuka Namanga au akishapanda ndege ya Muscat, mzazi aliyebaki hana njia hiyo ya mkato. Atafungua shauri upya katika nchi ya watu, kwa sheria za huko na wakili wa huko. Kwa sababu hiyo mahakama zetu zina uwezo wa kutoa zuio la kumtoa mtoto nchini, na mwenye wasiwasi aliombe mtoto akiwa bado yupo. Pasipoti ya mtoto nayo huombwa kwa ridhaa ya wazazi. Kughushi saini ya mwenzako pale ni jinai, msijaribu.

Kwa mliobaki nyuma

Usiende kumvizia mtoto getini kwa shule. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali mikononi mwa aliye naye kihalali, na kosa la mwenzako halihalalishi lako. Nenda Ustawi wa Jamii, kisha fungua maombi chini ya hati ya dharura, yaani ya kuomba usikilizwe haraka. Usikae miezi minane ukinung'unika, maana kila mwezi unaopita mtoto anazoea kule, na hakimu ataogopa kumng'oa tena. Na matunzo endelea kutuma. Pesa ya matunzo si kiingilio cha kumwona mtoto, na kunyimwa kumwona si ruhusa ya kukata pesa. Hifadhi jumbe za M-Pesa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wawili, Morogoro: Mwalimu, mume ananipiga. Nimekimbilia kwa wazazi wangu Iringa na watoto. Ina maana nimevunja sheria kwa kutoandika barua?

Pole sana, dada. Hapana. Somo hili la barua si la mtu anayekimbia kipigo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi cha hapo ulipo, utoe taarifa, uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, utibiwe. Kisha uende Ustawi wa Jamii wa hapo Iringa na uombe amri ya malezi mapema, kabla yeye hajaanza kusema umewaiba watoto. Namba 116 ya msaada kwa mtoto haina malipo. Kama huna pesa ya wakili, tafuta msaidizi wa kisheria wa kata. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) pia hutoa msaada.

Baba Junior: Hatukufunga ndoa. Amempeleka mwanangu Kigoma kwao na anasema sina haki yoyote. Mahari sikutoa.

Kaka, anza na kuthibitisha ubaba. Jina lako likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, safari imekuwa fupi. Likiwa halipo, mahakama huangalia kama ulimtambua mtoto hadharani, kama zilifanyika taratibu za kimila, au vipimo vya DNA. Ubaba ukishathibitika unaweza kuomba malezi au kumtembelea. Mahari haimalizi kesi, iwe ilitolewa au haikutolewa. Nasema hivi kwa sababu najua swali linalofuata la wazee wa ukoo.

Msafiri: Nimepata kazi Oman ya miaka miwili. Mtoto namwacha kwa bibi yake Tanga, simchukui. Hilo nalo ni kuhama?

Kwa mtoto, ndiyo. Anabadilisha nyumba, shule na mlezi, na baba anaweza kuuliza kwa nini asiwe yeye. Mahakama inaweza kuagiza mtoto awe chini ya uangalizi wa mtu mwingine kwa muda. Ukiweza, pata amri hiyo kabla ya kuondoka, au angalau makubaliano ya maandishi yanayomtaja bibi, nani atasaini hospitalini, na baba atakuja lini. Mashauri ya akina bibi na akina baba ni machungu kuliko ya wazazi wenyewe, kwa sababu mtu wa kati yuko Muscat na simu haipatikani.

Mdau wa Mombasa: Kwetu ni hivyohivyo?

Roho ya jambo inafanana, vifungu ni tofauti. Katiba ya Kenya, ibara ya 53, inawapa mama na baba wajibu sawa, wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata hapohapo. Onana na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako.

Mama Neema: Mtoto ana miaka 11 na hataki kuhama. Nimlazimishe?

Muulize kwanza sababu, bila baba yake na bila wewe kumkazia macho. Afisa ustawi anaweza kukusaidia kwa hilo. Mtoto wa miaka 11 atasikilizwa mahakamani, ingawa neno lake si la mwisho. Wakati mwingine utakuta hamkatai mama wala Mwanza, anaogopa kurudia darasa. Hilo mnalimaliza kwa mwalimu mkuu.