Kung'arisha rojo la mgomba: kinachotokea kwenye ngozi ya uzi

Somo hili ni la wanaotengeneza karatasi kwa mikono hapa Uganda, kwa mgomba au mkaratusi. Kung'arisha rojo, yaani uji wa nyuzi, si kuosha uchafu. Ukahawia hutokana na lignini, gundi inayoshikanisha nyuzi za selulosi. Katika rojo la mti lililopikwa, mabaki yake hujaa zaidi juu ya uzi kuliko ndani.

1. Suuza rojo kwa maji ya mvua. Maji mengi ya visima vyetu yana chuma. Utauona utando wa kutu ndani ya ndoo. Chuma huivunja peroksaidi, dawa ya kung'arisha ya hatua ya 2, kabla haijafanya kazi, na mabaki yake makali hukata selulosi.

2. Kwa gramu 100 za nyuzi kavu, tia mililita 100 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na maji yafikie lita moja hivi. Ongeza soda ya kufulia kidogo kidogo mpaka pH, kipimo cha asidi na alkali, ifike 10.5. Bila alkali, dawa haiamki. Vaa glavu na miwani.

3. Weka kwenye nyuzijoto 60 hadi 70 kwa saa 2, katika sufuria ya stenlesi. Aluminiamu huliwa na alkali.

Hapa ndipo utamu ulipo. Lignini nyingi inabaki, ila sehemu zake zinazonyonya mwanga huvunjika, na kwenye ngozi ya uzi huzaliwa makundi ya atomi yaitwayo kaboksili, yenye chaji hasi, yanayovuta maji. Uzi huvimba, hulainika, hushikana na mwenzake. Dondoshea tone la maji karatasi mbili: kwenye ya kahawia litakawia, kwenye iliyong'arishwa litazama upesi.

4. Suuza sana, malizia na ndimu kidogo.

Maswali

*Masaka:* Mwalimu, mbona wino unasambaa?
Kwa sababu uzi sasa unapenda maji. Karatasi ikikauka, ichovye kwenye jelatini nyepesi yenye uvuguvugu.

*Jinja:* Dawa ya kufulia ya klorini si rahisi zaidi?
Ni rahisi, lakini hushambulia selulosi yenyewe na karatasi hudhoofika. Tena ikikutana na ndimu au siki hutoa gesi ya sumu. Usithubutu.

*Mbarara:* Kadi zangu za dirishani zimegeuka njano, mwalimu.
Pole, dada. Jua huirudishia rangi lignini iliyobaki. Viwanda huiondoa kwa klorini dioksaidi, gesi inayoweza kulipuka, haifai karakana. Wewe pika nyuzi muda mrefu zaidi kwenye alkali kabla ya kung'arisha.