Namna ya kuendesha somo la kimataifa ukiwa Kigoma, bila tiketi ya ndege

Wanafunzi wetu wengi wa chuo watahitimu bila hata kumiliki pasipoti. Hilo haliwazuii kufanya kazi ya somo pamoja na wenzao wa nchi nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Bengt Nilsson wa chuo kikuu cha Malmö, Uswidi, alianza kuwaletea ugeni wanafunzi wasiosafiri kwa kuwatumia wahamiaji waliokuwa wakiishi mjini humohumo. Sisi wa Kigoma tuna Ziwa Tanganyika, ziwa la nchi nne. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Chagua jambo, si "utamaduni". Siku ya ngoma na vyakula waachie serikali ya wanafunzi. Wewe tafuta jambo linalowagusa watu wa pande zote mbili, wa kwetu na wa nchi jirani. Mwaka 2024, kwa mfano, Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Nani anaumia ziwa likifungwa? Swali hilo linatosha muhula mzima, liwe somo la uchumi, sheria au mazingira.

Hatua ya 2: Tafuta mhadhiri mwenzako wa nchi jirani. Makubaliano ya chuo na chuo huchelewa mezani. Wahadhiri wawili wenye ruhusa ya wakuu wa idara wanaweza kuanza. Na anza Bujumbura kule Burundi, au Uvira na Kalemie kule Kongo, kabla ya kukimbilia Ulaya: huko Kiswahili kinapita, kwa hiyo mwanafunzi atahangaika na hoja badala ya kuhangaika na Kiingereza.

Hatua ya 3: Saa. Majirani hao wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa nane mchana Kigoma, kwao ni saa saba. Andika zote mbili kwenye tangazo.

Hatua ya 4: Kazi yenyewe. Panga makundi ya watu wanne, wawili huku na wawili kule, kila kundi na WhatsApp yake. Mkutano wa video uwe wa kufungulia na wa kufungia tu. Unakula bando, na umeme ukikatika umekwisha. Katikati watumie ujumbe wa sauti.

Kazi ya kwanza iwe ya mguuni. Mwanafunzi wako ashuke mwalo wa Kibirizi asubuhi, awakute akina mama wanaoanika dagaa, aulize: kisado bei gani leo, mnunuzi wa ng'ambo anakuja siku gani, analipa kwa pesa ya nchi ipi, na ziwa likifungwa mnaishije. Aombe ruhusa kabla ya kurekodi, na akiona watu wana wateja, asubiri. Mwenzake afanye hivyohivyo kwenye soko la kwao, kisha wabadilishane sauti za dakika mbili. Wakianza kulinganisha, mtasikia ubishi. Uacheni ukolee.

Jambo moja la kuchunga: darasani Kigoma anaweza kuwepo mwanafunzi ambaye wazazi wake waliingia nchini kama wakimbizi. Usimsimamishe aisemee Burundi au Kongo. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe.

Hatua ya 5: Alama. Kazi isiyo na alama haifanywi, hasa wiki za majaribio. Iingize kwenye alama za muhula, na mwishoni kila mmoja ajibu kwa ukurasa mmoja: hoja ipi ya mwenzako imebadilisha jibu lako, ipi umeikataa, na kwa nini? Anayeandika "nimejifunza kuheshimu tamaduni za wengine" bila kutaja bei, mahali wala hoja hata moja, mrudishie karatasi aandike upya.