Kuunganisha darasa lako na darasa la nchi nyingine

Mwalimu mwenzangu, mtafute mwalimu wa upande wa pili kabla ya kuhangaika na programu. Mtandao wa iEARN umeunganisha shule tangu 1988. Ulaya kuna eTwinning, jukwaa la mtandaoni la kuunganisha shule, lililoanza 2005. Mkishapatana, linganisheni mihula na mitihani, kisha andikeni saa za kukutana kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia isiyobadilika, maana baadhi ya nchi husogeza saa zake mara mbili kwa mwaka.

Msianze na video ya moja kwa moja. Wanafunzi wasiojuana huishia kukodoleana macho. Mimi huanza na sauti zilizorekodiwa, dakika moja kwa kila mtoto, zisikilizwe kwa utulivu hata intaneti ikisumbua.

Kinachobeba mradi ni maswali. Ukiuliza "utamaduni wenu ukoje?" utaletewa ngoma, mavazi na bendera, kama kipeperushi cha watalii. Uliza: nani huamka wa kwanza nyumbani kwenu? Mgeni akija bila taarifa, mnafanyaje? Jirani akifiwa, nani hupika? Hapo mtoto hulazimika kumuuliza bibi yake, na majibu huja na uhai. Napenda sana hatua hii. Ipeni wiki nzima, hata mbili.

Kisha vikundi vya wanne, wawili kila upande, watengeneze kitu kimoja pamoja.

Kuhusu usalama sina mjadala: idhini ya wazazi kwa maandishi, majina ya kwanza tu, picha zisizoonyesha bango la shule, na mazungumzo yote yapite mahali ambapo walimu wote wawili wanayaona.