Namna ya kulinda nyota ukiwa lindoni

Mimi ni soja wa usiku kwenye fleti moja South B. Kazi yangu ni kujua kilichobadilika: gari ambalo jana halikuwepo, dirisha ambalo huwa limefungwa. Juu nako ni vilevile. Kuna nyota zinazofifia na kung'aa tena, na huhitaji darubini kuzikamata. Mimi nina daftari la kurasa 32 na kalamu.

Anza na Betelgeuse. Januari, kama saa nne usiku, tafuta zile nyota tatu zilizojipanga mstari, mkanda wa Jabari. Hapa Nairobi hupita karibu na utosi, kwa hiyo egemea ukuta, shingo isikuume. Upande wa Kiambu, yaani kaskazini, wa mkanda huo utaona nyota yenye wekundu. Ndiyo hiyo.

Sasa itafutie majirani wawili wasiobadilika sana. Mashariki yupo Procyon, kipimo chake 0.4. Upande wa pili, karibu na Kilimia, yupo Aldebaran, 0.9. Namba hizi ni kama za darasani: aliye na ndogo ndiye anayeng'aa zaidi. Jiulize Betelgeuse amekaa wapi kati yao. Akikaribia Procyon, andika 0.5, akiwa karibu na Aldebaran, 0.8. Usimkodolee macho, maana nyota nyekundu ukiikazia inaonekana kama inazidi kung'aa. Mtupie jicho, hamia kwa jirani, rudi.

Simu weka mfukoni dakika 20 kabla, macho yazoee giza. Taa ya mulika mwizi nayo jifiche nyuma ya tangi la maji. Taa hiyo inamulika mwizi, lakini nyota inaziiba yenyewe.

Saa ndiyo iliyonisumbua. Ukitaka kutuma hesabu zako kwa AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika, kilichoanza 1911 na kinachopokea kutoka kwa yeyote, wanataka saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Njia yangu: chukua saa ya usiku ya Kiswahili, ongeza 15. Saa tatu usiku ni 18, saa tano ni 20. Mpaka saa nane usiku (23) tarehe bado ni ile uliyoingia nayo kazini. Ikigonga saa tisa ni 0, tarehe mpya.

Je, kuna la kuona kweli? Februari 2020 nilimtazama Betelgeuse nikadhani macho yameniharibikia. Alikuwa ameshuka hadi karibu 1.6, analingana na Bellatrix, jirani yake ambaye kwa kawaida hamfikii. Wataalamu walieleza baadaye kwamba alitema gesi, ikapoa ikawa vumbi, vumbi likamfunika upande mmoja. Kufikia Aprili alikuwa amerudi.

Ukiona nyota mpya kabisa, tulia kwanza. Januari 2025 niliona kitu chekundu karibu na Pollux, nikamwamsha binamu yangu Githurai kwa simu. Kilikuwa Mirihi. Ngoja dakika kumi: kikisogea ni ndege ya Embakasi au setilaiti. Kisipotembea, angalia ramani ya sayari kwenye programu ya Stellarium kabla hujampigia mtu.

Inayosubiriwa kwa hamu ni T Coronae Borealis, nyota ya kundi la Taji, iliyolipuka 1866 na 1946. Kwa kawaida haionekani kwa macho. Ikilipuka inaweza kufika 2. Juni, mawingu yakikubali, tazama kaskazini, ulizoee lile duara nusu la Taji sasa, usije ukashindwa kujua nani ameongezeka.

Na daftari la nyota liwe mbali na OB, kile kitabu cha matukio cha kazini. Usiku mmoja nilichanganya, nikaandika kwenye OB, "Saa nne, Betelgeuse amefifia." Asubuhi msimamizi aliniuliza huyo ni mpangaji wa nyumba namba ngapi.