Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Gari Dogo la Zamani

Mtu anayetafuta gari dogo lililokwisha kutembea miaka 15 au zaidi huanza kwa kuuliza kama aina hiyo ni imara. Swali si baya, ila kwa gari la umri huo jibu lake halimfikishi mbali, kwa sababu magari mawili yaliyotoka kiwandani siku moja, moja likibadilishwa oili kwa wakati na jingine likiongezewa tu kila inapopungua, leo ni magari mawili tofauti kabisa. Kinachotafutwa ni ushahidi wa matunzo.

Ziombwe kwanza stakabadhi za matengenezo, na kilomita zilizoandikwa humo zifuatwe kwa tarehe kuona kama zinapanda bila kurudi nyuma. Dashibodi ikionyesha kilomita 80,000 ilhali mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma, pedali ndiyo ya kuaminiwa. Namba ya chesesi nayo ilingane na iliyo kwenye hati za umiliki. Isipolingana, hakuna haja ya kuendelea.

Muuzaji aombwe mapema asiliwashe gari kabla ya mnunuzi kufika, kwa kuwa injini yenye moto huficha mengi. Mkono uwekwe juu ya boneti: ikiwa ina joto na gari halikuegeshwa juani, ni afadhali kurudi siku nyingine. Injini ikiwa bado baridi, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe na upande wake wa ndani utazamwe. Utando mwembamba wa rangi ya kahawia ni wa kawaida, lakini ute mzito unaofanana na chai ya maziwa huashiria kuwa maji yanaingia kwenye oili, mara nyingi kwa sababu ya kuharibika kwa gasketi ya silinda heda, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Gari la safari fupi fupi katika hali ya baridi huweza kuwa na ute kidogo bila ugonjwa huo, kwa hiyo kijiti cha kupimia oili na maji ya rejeta vikaguliwe pia kabla ya kutoa hukumu.

Ufunguo unapozungushwa, taa ya injini inapaswa kuwaka kisha kuzimika baada ya injini kunguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeinyamazisha makusudi. Moshi wa buluu una maana kwamba injini inakula oili. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto hutokana na maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda na kugeuka mvuke. Mweusi ni wa mafuta kuzidi.

Jambo linalosahaulika sana ni mkanda wa taimingi, yaani ule unaofanya valvu za injini zifunguke na kufunga kwa kufuatana na mwendo wa pistoni. Watengenezaji wengi huagiza ubadilishwe kati ya kilomita 90,000 na 160,000, au baada ya miaka kadhaa hata kama gari halitembei, na katika injini nyingi ukikatika pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Pasipo stakabadhi, uhesabiwe kuwa haujabadilishwa na gharama yake iingizwe kwenye mapatano ya bei. Injini zinazotumia mnyororo badala ya mkanda hazina ratiba hiyo, ingawa mlio wa kukwaruza wakati wa kuwasha hudai uchunguzi.

Gari liendeshwe angalau dakika 20, mshale wa joto ukitazamwa. Usukani ukikatwa hadi mwisho na magurudumu ya mbele yakatoa mlio wa ka-ka-ka, viungio vya shafti zinazozungusha magurudumu hayo vimechoka. Gia otomatiki isiyumbe wala kuchelewa kushika.

Mikanda ya usalama ivutwe yote hadi mwisho, maana wanaosafisha gari lililozama kwenye mafuriko huosha viti na mazulia, lakini mstari wa tope hubaki kwenye sehemu ya mkanda iliyojiviringisha ndani ya nguzo. Matairi huonyesha umri wake kwa tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwisho gari lipelekwe kwa fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, linyanyuliwe, kutu na uvujaji vitazamwe kutoka chini. Muuzaji akikataa hatua hiyo, mazungumzo ya bei yasianze.