Otsi ni uji, zipike kama uji

Watu wengi wanaosema otsi hazina ladha ukiwauliza walipikaje unakuta walichemsha maji kwenye birika, wakamwagia kwenye bakuli, wakakoroga mara mbili na kuweka sukari vijiko vinne. Hapo mtu hajapika, amelowesha tu. Otsi ni nafaka kama zilivyo mtama na ulezi, zinataka sufuria, chumvi, moto mdogo na mtu wa kusimama pale jikoni dakika kumi anakoroga, ukizipa hivyo vitu zinakuwa uji mzuri kweli, unakunywa saa kumi na mbili asubuhi unaenda kwenye shughuli zako mpaka mchana hujatafuta maandazi.

Mi nilianza kuzipika kwa ajili ya baba. Aliambiwa lehemu, yaani kolesteroli kwenye damu, iko juu, apunguze mafuta, na yeye asubuhi yake miaka yote ni chapati mbili na chai ya maziwa. Siku ya kwanza nikampa otsi za maji moto kama maelekezo ya paketi yalivyosema, akaonja vijiko viwili akasogeza bakuli akaniambia "mwanangu, hiki chakula cha wagonjwa." Sikubishana nae. Nikakaa nikafikiria huyu mzee uji gani anaupenda, nikakumbuka uji wa ulezi wa mama, ule wa karanga na ndimu, basi kesho yake nikapika otsi vilevile kama ule. Alimaliza, alafu akauliza kwenye sufuria kumebaki? Tangu siku hiyo napika hivyo, na ndo nnavyokuelekeza hapa.

Kwanza kununua. Kuna wanaoziita shayiri ila shayiri yenyewe ni nafaka nyingine, ndo ile inayotengenezewa bia, kwahiyo dukani sema otsi wataelewa. Chukua zile nzima zilizobanwa, ukizitazama unaona kipande kimojakimoja bapa kama kisarafu kidogo. Zipo pia zilizokatwakatwa ndogo zinaiva dakika mbili tatu, hizo sio mbaya kama una haraka ila uji wake unakuwa laini mno kama gundi. Nisizozipenda ni zile za vipakti vidogo zenye ladha ya strobeli sijui vanila, geuza nyuma usome, nyingi zina sukari tayari na wewe sukari unayo nyumbani. Paketi ya gramu 500 ukila nusu kikombe kwa siku, yaani kama gramu 40, inakupeleka siku 12, kwahiyo usiangalie bei ya paketi tu, gawanya. Ukishafungua hamishia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, joto la Dar na wadudu havikuachii paketi iliyo wazi wiki mbili.

Sasa kupika, kwa watu wawili. Pima kikombe kimoja cha otsi na vikombe vitatu vya maji ya baridi. Ukitaka uji wa kunywa kwenye kikombe weka maji vikombe vinne, ukitaka mzito wa kijiko viwili na nusu vinatosha.

Weka sufuria yenye kitako kizito jikoni, moto wa kati, mwaga otsi zenyewe kavu bila mafuta uzikaange kama dakika tatu huku unageuza. Hii hatua wengi wanairuka na ndo inayoleta utamu. Utasikia harufu inabadilika, kutoka harufu ya unga mbichi inakuja harufu kama ya karanga zinazokaangwa, na pembeni zinaanza kupata rangi kidogo. Hapohapo epua zipoe kidogo alafu mwaga maji ya baridi. Kwanini ya baridi? Kwa sababu zikipanda moto taratibu pamoja na maji zinatoa ule utelezi wake mapema na uji unakuwa mzito na laini, ukizitupa kwenye maji yanayochemka zinabaki chengachenga. Weka chumvi, kiasi cha kuokota kwa vidole viwili, usiache hata kama unaweka sukari baadae maana bila chumvi uji wa otsi unapooza kabisa.

Rudisha kwenye moto, ukianza kutokota punguza mpaka mdogo kabisa (kama ni mkaa toa vipande viwili) na endelea kukoroga, sio kwa fujo, pitisha mwiko chini kabisa ya sufuria maana ndo zinaposhika. Dakika saba nane hivi. Usiangalie saa sana, angalia njia ya mwiko: mwanzoni ukipitisha mwiko maji yanafunika palepale, baadae unaona kitako cha sufuria kwa sekunde moja alafu uji unarudi polepole kufunika. Ukiona hivyo umeiva.

Wakati huo chukua karanga za kusaga vijiko viwili vya chakula, zikoroge pembeni kwenye kikombe na maji ya vuguvugu mpaka zilainike, ukizitia bonge zima kwenye sufuria zitakaa mabonge mpaka mwisho. Mimina, koroga dakika mbili tena, epua uji ukiwa bado mwepesi kuliko unavyotaka kwa sababu ukikaa unazidi kuganda. Funika dakika tatu, alafu kamulia ndimu nusu. Kama umetumia maziwa ndimu acha, yatakatika.

Na karanga jamani ziangalie kabla ya kusagisha. Iliyokunjamana, yenye ukungu au chungu, tupa, hiyo inaweza kuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na kupika hakuiondoi.

Siku nyingine badilisha. Maji vikombe viwili na maziwa kikombe kimoja, maziwa yaingie mwishoni maana yakiingia mwanzo yanashika na kufurika, pamoja na iliki tatu za kutwanga na ndizi mbivu uliyoiponda, hapo sukari huihitaji. Au tende nne umezikatakata zikachemka humohumo. Wikiendi watoto nawapikia kwa tui la nazi na mdalasini, wanaupenda sana, ila baba simpi huo, tui lina mafuta yaleyale aliyokatazwa.

Habari ya otsi kusaidia kushusha lehemu sio maneno ya mtaani. Ule utelezi wa otsi ni aina ya nyuzinyuzi inaitwa beta-glukani, na mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu otsi ziandikwe kwenye paketi kwamba zinasaidia kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, kiwango ni gramu 3 za hiyo beta-glukani kwa siku na nusu kikombe cha otsi kina kama nusu ya hapo au zaidi kidogo. Zinasaidia, hazichukui nafasi ya dawa, kama umeandikiwa dawa endelea nazo. Mwenye kisukari ale zile nzima, apime, na ndizi mbivu sana aziache. Na kama tumbo halijazoea anza na robo kikombe na unywe maji ya kutosha, ukianza na bakuli zima gesi itakusumbua siku nzima.

Mtoto aliyefikisha miezi 6 unaweza kumpikia mwepesi, bila chumvi wala sukari, na asali usimpe kabisa kabla ya mwaka mmoja.

Anayetoka alfajiri aloweke otsi na maji usiku kwenye sufuria afunike, kama ana friji aiweke humo, asubuhi zinaiva dakika tatu nne tu. Ukimaliza loweka sufuria kwa maji ya baridi, ya moto yanazidi kugandisha, ukirudi jioni utando wote unatoka wenyewe.